Bahasha Niliyoikana

Frrap. Frrap. Frrap.

Nilikuwa bado nje ya mlango wa ukumbi, nimeinama nafunga kamba ya kiatu, niliposikia. Mwanafunzi yeyote wa sheria pale jijini Cebu anaujua mlio huo hata akiwa usingizini. Ni kadi zinachanganywa. Kila mwanafunzi ana kadi yake, ina jina na picha ndogo kwenye kona. Mwalimu anazichanganya kama mcheza kamari, anachomoa moja, na mwenye kadi anasimama kuhojiwa. Ukijibu, unapata alama. Ukibabaika, unabaki umesimama mpaka kipindi kiishe, na wenzako wanakutazama kama nyama buchani.

Lakini siku ile haikuwa ya darasa. Ilikuwa Jumatano ya ushauri wa kazi, na Wakili Perpetua Abellanosa, mshauri wetu wa mipango ya kazi, alikuwa amekuja na kadi zake.

Waliokosa gazeti wiki zilizopita wasihangaike, nawafupishia. Mimi ni Melchor Ybañez, mwaka wa nne wa sheria, mtoto wa mwanamke anayeosha maiti katika nyumba moja ya mazishi kule Carcar. Dindo Escario, kiongozi wa kile chama cha undugu kinachochapa wanachama wake wapya kwa makasia, alinishika kola mbele ya kantini akaniuliza kama mama huwa ananawa kabla ya kunipikia. Nikampiga ngumi. Moja tu, lakini niliipiga kwa moyo wote, ikaondoka na jino. Tukafikishwa kwenye baraza la usuluhishi la mtaa, nikaomba radhi, tukasaini maelewano, nikadhani yamekwisha.

Mtu mmoja tu asiye wa chama chao aliona kwamba Dindo ndiye aliyeanza kunishika. Huyo ni Quirina Lastimosa, mwanafunzi mwenzangu, tuliyepanga naye nyumba moja, yeye chini mimi juu.

Kilichobaki sasa kilikuwa ombi la kufanya mtihani wa uwakili. Ombi hilo linataka mawakili wawili waseme kwa maandishi kwamba una tabia njema. Mwenye baba wakili na mjomba jaji anazipata sahihi zote mbili kabla kahawa haijapoa. Ukoo wetu haujawahi kutoa hata karani. Sahihi moja nilikuwa nayo, ya mzee Pacio, wakili wa viapo mwenye meza yake nje ya mahakama. Ya pili ilikuwa mkononi mwa Abellanosa. Na mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa Ijumaa ile ile, saa kumi na moja jioni.

Nikaingia. Nikakaa nyuma. Frrap.

"Leo hatufuati ndoto," Abellanosa alisema, huku anajipepea kwa kipepeo chake cheusi cha kukunja. "Leo nataka mtu aniambie miaka kumi ijayo atakuwa amekalia kiti gani, na nani atainuka ili yeye akikalie."

Akachomoa kadi.

"Lastimosa."

Quirina alisimama. Alikuwa safu ya pili, ameshika mpango wake wa miaka kumi kwa mikono miwili.

"Miaka kumi ijayo, Bibi Lastimosa?"

"Wakili wa umma, Wakili. Nawatetea washitakiwa wasio na uwezo. Kule kwetu Bogo."

"Mwezi uliopita ulilia darasani."

"Ilikuwa kesi ya mtoto, Wakili."

"Ilikuwa kesi iliyoamuliwa kabla hujazaliwa. Aliyeuawa amekufa, aliyeua amekufa, jaji naye amekufa. Ulikuwa unamlilia nani?"

Watu wakaanza kucheka.

"Sijui, Wakili."

"Hajui. Basi ongeza kwenye mpango wako, mwaka wa kwanza: kununua leso. Mwaka wa pili: kununua nyingine. Baki umesimama."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Na mimi nikacheka. Sikucheka kwa aibu wala chini ya dawati. Nilicheka kwa sauti, nikapiga na meza, kwa sababu nilitaka mshauri ayaone meno yangu. Quirina aligeuka nyuma mara moja, akaniona, akageukia mbele.

Frrap. Frrap.

"Ybañez."

Nikasimama. Sikuwa na karatasi. Mpango wangu ulikuwa kichwani.

"Mwaka wa kwanza nafaulu mtihani, nami nimo katika kumi bora wa nchi nzima," nilisema. "Wa pili, kampuni kubwa ya mawakili, kule mjini Makati. Wa saba, mshirika wa kampuni. Wa kumi, jaji."

"Makati unamjua nani?"

"Naijua sheria, Wakili."

"Sheria haipokei simu, kijana. Mtu wa upande wa pili wa meza atakuuliza baba yako ni nani. Utasemaje?"

"Nitamwambia baba hakuja kuomba kazi. Nimekuja mimi."

Nyuma wakapiga makofi. Kipepeo cheusi kikasimama hewani, kisha kikaendelea.

"Ulimi unao," alisema. "Sasa tushuke chini. Ombi la mtihani, swali la kumi na moja. Lipo kichwani?"

"Lipo. Je, umewahi kushitakiwa, au kuna shauri lolote la jinai linaloendelea dhidi yako?"

"Na wewe una habari zako za jino. Chuo kizima kinajua. Utaandika nini?"

Nilimwona Dindo dirishani, mdomo kaufumba. Tangu siku ile hacheki akiwa amefumbua mdomo.

"Hapana, Wakili. Nitaandika hapana. Baraza la mtaa siyo mahakama. Usuluhishi siyo mashitaka. Na maelewano hayajawahi kuwa hukumu."

"Na mwenye jino?"

"Mwenye jino alisaini."

Abellanosa akafunga kipepeo, tap, akakipiga kwenye kiganja.

"Sahihi kabisa. Andikeni, nyie wengine. Swali linajibiwa kama lilivyoulizwa. Ybañez, saa nane mchana uwe ofisini kwangu na ombi lako. Nitasaini. Lastimosa, na wewe lete la kwako, kama hujalilowesha."

Nilikaa chini nimevimba kama mkate. Sahihi ya pili! Mbele ya ukumbi mzima, na Dindo akisikia! Kama ningekufa dakika ile, ningekufa mtu mwenye furaha, na watu wengi wangesalimika.

*

Saa sita na nusu nilikuwa kwa Nang Auring, mama muuza chakula nyuma ya chuo, nimekaa kwenye benchi na firigisi za kuchoma na vifuko vitatu vya wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi. Quirina akaja akakaa mbele yangu. Hakuagiza kitu.

"Umecheka vizuri leo," alisema.

"Hata wewe ungecheka."

"Sikuja kwa hilo." Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kahawia, akaiweka katikati ya meza. "Ililetwa Jumatatu. Ulikuwa Carcar kwa mama yako, nikaipokea, nikatia sahihi. Umerudi leo tu, na ukumbini ulitoka kabla sijakufikia."

Nilisoma juu tu. Ofisi ya mwendesha mashitaka wa jiji. Jina langu limepigwa chapa, na chini yake maneno mawili: ya haraka.

Mkono wangu ulisimama na wali wake.

"Maelewano ya mtaa mtu anaweza kuyakana ndani ya siku kumi," Quirina alisema taratibu. "Akaapa kwamba alitishwa au alidanganywa. Unalijua hilo kuliko mimi. Dindo ameyakana, Chor. Ameenda juu, kwa mwendesha mashitaka."

"Umeifungua?"

"Siyo yangu. Ifungue wewe."

Sasa sikilizeni akili ya mtu aliyesomeshwa sheria miaka minne. Fundi viatu angeifungua. Muuza samaki angeifungua, na kama hajui kusoma angemtafuta wa kumsomea. Mimi niliitazama bahasha ile nikajiambia: swali la kumi na moja linauliza kama kuna shauri. Mtu anajibu kwa kadiri ya anachokijua. Nisichokisoma sikijui. Nisichokijua, nikikikana kwa kiapo, sijasema uongo.

Nikaikunja mara moja, nikaitia kwenye mkoba wangu, chini kabisa, chini ya vitabu.

"Unafanya nini?"

"Nitaisoma Jumamosi."

"Jumamosi? Ombi linaenda Ijumaa!"

"Ndiyo maana."

Alinikazia macho mpaka akaelewa. Nilimwona akielewa.

"Chor, huo ni utoto."

"Huo ni utetezi."

"Andika ndiyo. Ambatanisha maelewano, andika maelezo ukurasa mmoja, mimi nitakuandikia wangu kwamba alikushika kwanza. Watu wanaruhusiwa kila mwaka wakiwa na kesi za ngumi. Hakuna aliyeruhusiwa akiwa na kesi ya kuficha."

"Abellanosa mwenyewe kasema hapana ni jibu sahihi."

"Alikuuliza habari za mtaani. Habari za bahasha hakukuuliza."

Hapo nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameisema mbele ya Nang Auring.

"Quirina," nilimwambia, "wewe umeshapewa ushauri wako wa kazi leo asubuhi. Uliambiwa ununue leso. Nenda kanunue."

Alisimama, akarudisha benchi mahali pake, akaondoka.

Nang Auring alikuwa anapepea mkaa. "We Dong," alisema bila kunitazama, maana kwetu kijana ni Dong kama mzee alivyo Nong, "mwanasheria gani anaogopa karatasi? Watoto wangu wanaogopa mende, lakini angalau mende anatembea."

Nikamaliza wali wangu. Naungama na hilo: niliumaliza wote.

*

Saa nane kamili niligonga mlango. Ofisini nilimkuta Abellanosa, na kando yake mzee Pacio ndani ya shati lake refu la nyuzi za majani ya nanasi, kitabu cha viapo wazi mapajani, muhuri mkononi.

"Nimemwita Nong Pacio tumalize yote hapa hapa," Abellanosa alisema. "Umejaza?"

"Nimejaza."

"La kumi na moja?"

"Hapana."

"Apa."

Niliinua mkono wa kulia. Mzee Pacio akanisomea, nikamfuatisha, kwamba yote niliyoandika ni kweli na kwamba sikuacha kitu, Mungu nisaidie. Nikasaini kitabuni mwake, mstari wa mwisho wa ukurasa. Akabana muhuri. Karatasi ikatoa mlio mdogo wa kuumia.

"Hongera, Dong," alisema mzee.

Nilinyoosha mkono kwa Abellanosa, nikingoja sahihi. Hakushika kalamu. Alifungua droo.

"Umepokea barua yoyote kutoka kwa mwendesha mashitaka wa jiji?"

Hakuna aliyenifundisha kujibu haraka kama yeye. Nikajibu haraka.

"Sijasoma barua yoyote, Wakili."

"Sijakuuliza umesoma nini."

Akaweka juu ya meza kipande cha karatasi ya waridi. Risiti ya kupokelea barua. Nakala tu, lakini sahihi ilikuwa inasomeka hata kutoka nilipokaa.

"Jumatatu, saa nne asubuhi. Imepokelewa na Q. Lastimosa. Leo ni Jumatano." Alivua miwani. "Sasa nisikilize vizuri, maana huu ndio ushauri wa kazi wenyewe. Ule wa asubuhi ulikuwa wa watoto. Kama Lastimosa alikupa bahasha kabla hujainua huo mkono, umeapa uongo mbele ya mawakili wawili. Naandika barua leo leo, na hutafanya mtihani mwaka huu wala mwaka wowote. Lakini kama hakukupa, wewe umeapa kwa nia njema, na mzembe ni yeye. Mimi sijui. Sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Alikupa?"

Mkoba ulikuwa sakafuni, katikati ya miguu yangu. Nilihisi kona ya kitabu ikinigusa kifundo, na chini ya kitabu nilijua kuna nini.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimfikiria mama, mikono yake, maji ya baridi, miaka yote ile. Mngenihurumia. Lakini nimeahidi gazeti hili ukweli, basi shikeni: sikumfikiria mama hata kidogo. Nilifikiria kumi bora. Niliona jina langu limeandikwa kwenye kitambaa kirefu cha hongera kimefungwa juu ya barabara ya kwetu.

"Hakunipa," nilisema.

"Una hakika?"

"Hakunipa, Wakili. Ndiyo kwanza nasikia habari za barua."

Kuongeza huko hakuna aliyekuomba, Melchor. Uliongeza mwenyewe.

Mzee Pacio aliinamisha kichwa akaanza kupangusa muhuri wake, ambao ulikuwa safi.

"Lastimosa!" Abellanosa aliita. "Najua uko hapo nje. Ingia!"

Quirina aliingia na ombi lake mkononi. Alikuwa amekuja kama alivyoambiwa. Alimwona Pacio, akaniona mimi, akaiona risiti ya waridi.

"Hii sahihi yako?"

"Yangu, Wakili."

"Ybañez anasema bahasha hukumpa. Ulimpa au hukumpa?"

Quirina alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alinitazama kama mtu aliyeshika mlango wazi anamngoja mwenzake apite. Feni ya dari ilizunguka, ikazunguka. Mimi nilikuwa naangalia kalamu ya Abellanosa.

"Sikumpa, Wakili," alisema. "Nilisahau."

"Siku mbili?"

"Nilisahau."

"Andika hapo. Kwa mkono wako. Nilipokea Jumatatu, nilisahau kuikabidhi mpaka leo mchana. Saini. Nong Pacio, mwapishe."

"Siwezi," alisema mzee. "Kitabu changu kimejaa. Mstari wa mwisho amemalizia huyu kijana."

"Kurasa zote?"

"Zote."

Abellanosa akamsogezea Quirina kalamu. "Basi. Sahihi yake inatosha."

Quirina aliandika, akasaini. Kisha akasogeza mbele ombi lake, akidhani, sijui alidhani nini. Abellanosa alilifungua mpaka mahali pa kushuhudia tabia njema, akapiga mstari mmoja mnene kutoka kona hadi kona.

"Anayekalia wito wa mwendesha mashitaka siku mbili hawezi kukabidhiwa uhai wa mtu. Rudi Bogo, Bibi Lastimosa. Kuna shule nyingi kule. Fundisha watoto, wao hawaleti wito."

Quirina aliichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akatoka. Mlango aliufunga polepole sana.

Ndipo Abellanosa akavuta ombi langu na kusaini. Sahihi ndefu, nzuri, yenye mkia. Nilikuwa nayo! Nilisimama, nikashika mkoba, nikafika mlangoni.

"Ybañez. Hujauliza barua inasemaje."

Nikageuka.

"Ninayo nakala, nitakusomea. Escario ameyakana maelewano. Anasema ulimvamia kutoka nyuma, bila sababu. Ana mashahidi sita, wote wa chama chake. Kusikilizwa ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kwenye kumbukumbu za baraza la mtaa kuna shahidi mmoja tu aliyesema vingine." Alijipepea. "Umeshamjua ni nani. Sasa amekiri kwa mkono wake kwamba mambo ya Jumatatu hayakumbuki mpaka Jumatano. Mwendesha mashitaka atataka kujua anakumbukaje mambo ya mwezi jana."

Niliachia kitasa cha mlango.

"Ukishitakiwa Ijumaa asubuhi," alisema, "hiyo sahihi yangu itafungia vitumbua jioni. Funga mlango ukitoka."

*

Mzee Pacio alinikuta ukutani, kwenye korido, nimeishika ile karatasi yenye muhuri kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenziwe.

"Kwa nini?" nilimwuliza. "Nimemkosea nini huyu mama?"

"Dong, kweli hujui?" Alinitazama kwa huruma niliyoichukia. "Abellanosa ndiye mama wa ubatizo wa Dindo. Alimshika mwenyewe kanisani. Mimi nilikula nguruwe wa sherehe hiyo, ngozi yake ilikuwa inalia mdomoni. Kadi zile za asubuhi unadhani zilijichomoa? Hakutaka sahihi yako wala tabia yako. Alitaka shahidi wako. Wewe umemshikia mlango."

"Na kitabu chako? Kimejaa kweli?"

"Kina kurasa arobaini nyeupe. Sikutaka msichana yule aape kwa uongo wako. Uongo wa karatasi tupu unafutika. Uliobanwa muhuri haufutiki. Na wa kwako nimeubana mimi mwenyewe, Mungu anisamehe."

Quirina alikuwa ameketi kwenye ngazi, hatua ya tatu kutoka chini. Nilishuka. Nilikuwa na maneno mengi sana mazuri.

"Quirina, naomba—"

"Usiniombe radhi. Radhi ulimwomba Dindo pia, na tumeona ilifika wapi."

"Ungesema kweli tu. Ungesema ulinipa."

"Ningesema kweli, ungekwisha pale pale." Hakunitazama. "Nikajiambia, huyu ana kiburi. Kiburi chake hakitakubali aokolewe na mtu aliyeambiwa akanunue leso. Nikisema sikumpa, ataruka, atapiga meza kama alivyopiga asubuhi, atasema ni uongo, alinipa. Nikahesabu moyoni. Nilifika ishirini, Chor. Wakati naandika, nikaanza tena kuhesabu upya."

Sikuwa na pa kuficha uso.

"Ijumaa nitaenda," alisema. "Nimeitwa, nitaenda. Wataniwekea karatasi yangu mbele. Watasema, huyu si ndiye msahaulifu? Nitajibu nini?"

Hapo kichwa changu, msidhani kiliacha kazi, kilikuwa kinapiga hesabu. Nikisema kweli Ijumaa saa tatu, jina lake litasafishwa, ushahidi wake utasimama, na ngumi yangu itapata sababu yake. Lakini kiapo changu kitakuwa cha uongo, na nimekwisha, na mtaa wetu hautafunga kitambaa chochote. Nikinyamaza, ombi linaondoka saa kumi na moja, na huenda mashahidi sita wakajichanganya wenyewe, na huenda Quirina akajitetea, na huenda, na huenda.

"Nitafanya kila liwezekanalo," nilisema.

"Hayo ni maneno ya barua za ofisi."

"Nitajitahidi—"

"Dong," mzee Pacio alisema nyuma yangu, na kitabu chake kwapani, "sema kitu au sogea. Mnanizibia ngazi."

Juu yetu mlango wa ofisi ulifunguka. Nilisikia kipepeo kikifunguliwa, tap, kisha kikanyamaza. Alikuwa amesimama pale juu anasikiliza. Wanafunzi wawili waliokuwa wanapanda wakasimama nao. Quirina ndipo akainua uso, akanitazama vile vile kama ofisini, mlango wazi mkononi.

Sikugeuka kutazama juu. Niliweka mkoba chini, nikajaza kifua hewa, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka ghorofa ya pili:

"Quirina Lastimosa, Ijumaa saa tatu, kabla hawajakuuliza neno hata moja, nitasimama mbele ya mwendesha mashitaka niseme bahasha ulinipa mkononi, leo, saa sita na nusu mchana, na aliyeikana ni mimi!"